Matobolwa kwa Kiingereza ni Nini?

Najua nimepotea. Wiki nane bila kuandika kitu ni nyingi, na kuna watu wamenitumia ujumbe kuuliza kama nimeolewa huko Usukumani. Sijaolewa. Nilikuwa BTP, mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari moja ya kata wilayani Bariadi. Huko mtandao unaupata ukipanda juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba ya mwalimu wa taaluma, tena jioni. Nimerudi Dodoma Jumapili, bumu halijatoka, na rumu yangu nimekuta mtu kaweka ndoo zake. Hayo tutayaongea siku nyingine. Leo nataka kuandika kuhusu chakula, cha Waingereza na cha kwetu. Msicheke, mtaona kinapofika.

Kwa wale wanaodhani nchi hii inaishia Chalinze: Simiyu ni mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yako Bariadi mjini. Sisi ni watu wa pamba, ng'ombe, mtama, choroko na viazi vitamu. Upande wa Busega unagusa ziwa, kwa hiyo dagaa na sato wanatufikia kupitia Lamadi. Mvua zetu si za kuaminika hata kidogo, na ukielewa hilo umeelewa jiko la Msukuma karibu lote, maana kila kitu kinachovunwa lazima kuwe na namna ya kukikausha kikae. Majani ya kunde yanakaushwa, hiyo ndo nsansa. Muhogo unavundikwa na kukaushwa unakuwa udaga. Viazi ndo usiseme.

Viazi vina njia mbili na watu wengi wanazichanganya, hata hapa chuoni nimesikia Msukuma mwenzangu wa mjini akikosea, nikamwonea huruma. Michembe ni viazi vibichi. Vinachimbwa, vinaachwa vinyauke siku kadhaa, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juani mpaka ukikivunja kipande kinalia. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vinakatwa na kuanikwa. Tofauti yake ni kubwa mdomoni. Michembe huwezi kuila hivihivi, lazima uipike, na ukiipika na karanga zilizotwangwa, jamani! Matobolwa unatia mfukoni unatafuna njiani kama peremende. Ni matamu kidogo, ni magumu, yanakaa mdomoni muda mrefu na yanakushikilia tumbo. Bibi yangu anaanika juu ya jiwe kubwa lililo kando ya mji wake, na kazi ya kufukuza mbuzi na kuku tulifanya sisi wajukuu kwa zamu. Ghala likijaa viazi vikavu, Bibi anakuwa na usemi mwingine kabisa nyumbani. Hata babu anapunguza sauti.

Haya, sasa twende darasani.

Nilipewa Kidato cha Kwanza, Kiingereza. Mnajua wenyewe hali ilivyo: mtoto kasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kisukuma, halafu Januari moja anaamka kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mada ilikuwa shughuli za kila siku, na kitabu kilichokuwepo pale kilikuwa kimoja kwa wanafunzi sita. Kilikuwa na picha ya familia mezani. Mkate uliokatwa, siagi, jamu, mayai mawili kwenye sahani, birika, na glasi ya juisi ya machungwa. Chini yake kuna swali: What did you have for breakfast?

Nikawauliza mmoja mmoja. Darasa lilikuwa na watoto 52. Wote walikula mkate. Yaani wote! Wengi walikula na mayai, wengine wakaongeza jamu, kijana mmoja akala soseji. Sasa mimi nimekulia kule. Kwenye kile kijiji mkate unakuja siku ya gulio, unaletwa na bodaboda kutoka mjini, na saa nne asubuhi umeshaisha. Kama kweli watoto 52 walikula mkate asubuhi ile, basi kuna ghala la mikate mahali ambalo serikali ya kijiji haijaliona.

Unaweza kusema walikuwa wanafanya zoezi tu, wanasoma picha. Na mimi ndivyo nilivyodhani. Mpaka saa nane mchana.

Saa nane ndo wakati wa chakula. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, lakini chakula cha mchana ni makubaliano ya wazazi wenyewe, na pale walikubaliana mahindi na maharage, debe kwa debe, ili wapike makande. Mtoto ambaye kwao hawajaleta hapangi foleni. Hakuna anayemfukuza, jina lake tu halipo kwenye daftari. Nikazunguka nyuma ya madarasa kutafuta kivuli cha kusahihishia madaftari, nikamkuta binti mmoja wa dawati la mwisho, yule aliyeniambia asubuhi kwamba alikula mkate, siagi, mayai mawili na juisi. Mkono ulikuwa mfukoni mwa sketi, mdomo unatafuna. Akasimama haraka.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Unakula nini?"

"Hamna, madam."

"Mbona unatafuna?"

Kimya. Nikamsalimia upya, Kisukuma sasa, mwangaluka, ingawa ilikuwa mchana na salamu ile ni ya asubuhi. Akacheka. Nikakaa chini, nikanyoosha kiganja. Akatoa matobolwa matatu akaniwekea. Yalikuwa mazuri, yale ya viazi vyeupe, yamekauka sawasawa. Nikamwuliza kwa nini asubuhi hakusema kwamba alikula haya. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

"Madam, hicho si chakula cha kusema darasani."

Binti huyo anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Anarudi saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo ana mfuko mmoja wa sketi, na anachokibeba humo anakificha.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliporudi hapa chuoni nimekuwa nikishinda maktaba na kwenye vimbweta kusoma habari za chakula cha Waingereza, kitu ambacho hakuna lekcha aliyeniagiza na hakitatoka kwenye mtihani. Nilitaka kujua hao wenye picha ya mezani walikula nini kabla ya picha. Niwape kidogo niliyoyapata.

Kwanza, viazi vitamu. Asili yake ni Amerika, vimekuja kwetu kwa njia ndefu za bahari kama mahindi na muhogo. Sasa Uingereza ya karne ya 16 ilivifahamu viazi vitamu kabla haijavizoea viazi mviringo. Viliingizwa kutoka Hispania, ni ghali, vya wakubwa. Mwaka 1597 bwana mmoja aitwaye John Gerard alitoa kitabu kikubwa cha mimea, na humo anaeleza viazi hivyo na jinsi watu wanavyovichoma na kuvitengeneza kwa sukari. Walikuwa wanaamini vinampa mwanamume nguvu za chumbani. Wenzangu wa fasihi mnaosoma Shakespeare, nendeni mkaangalie The Merry Wives of Windsor, kuna mahali Falstaff, lile zee linene linalopenda wanawake, linaiomba mbingu inyeshe viazi. Wachambuzi wanasema viazi vyenyewe ni vitamu. Mnaona? Jamaa anaomba kutoka mbinguni kitu ambacho kwetu kiko mfukoni mwa sketi, na kimefichwa. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Hii nayo angeigusa, sijui viazi vile angeviitaje.

Baridi ya kule haikuvipenda viazi vitamu, viazi mviringo vikachukua nafasi, na mwisho wake ni chipsi na samaki ambao dunia nzima inawahesabu kuwa chakula chao cha taifa. Hata huyo samaki wa kukaanga na unga, wanahistoria wengi wanasema alifika London na Wayahudi waliotokea Ureno na Hispania. Sisi tukapokea chipsi tukazimwagia mayai, na sasa chipsi mayai ni yetu. Hapo hatujachelewa.

Pili, hiki kilinigusa zaidi. Angalia vyakula vyao vya asubuhi vya zamani. Kuna samaki anaitwa kipper: anapasuliwa mgongoni, anatiwa chumvi, anakaushwa kwa moshi. Mtu wa Lamadi akimwona hataulizia jina. Kuna uji wa shayiri, ambao Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya mwaka 1755 aliutania, akiandika kwamba nafaka ile England wanawapa farasi na Scotland wanakula watu. Waskoti hawakuificha mfukoni. Wameishikilia mpaka leo na wanaiuza kwa watalii. Kuna mkate wa kuchoma, na pudini ya mkate na siagi, ambazo zote zilikuwa njia ya kumalizia mkate uliolala. Maharage ya kopo ya Heinz yalitoka Marekani, yakaanza kuuzwa London mwaka 1886 katika duka la matajiri la Fortnum & Mason, leo ni chakula cha mwanachuo aliyeishiwa. Wao wana majira ya baridi, hakuna kitu shambani, wanakausha na kutia chumvi. Sisi tuna kiangazi, hakuna kitu shambani, tunakausha. Akili ni ileile moja.

Ila ya kwao iko kwenye picha ya kitabu cha Kidato cha Kwanza.

Na mkate na siagi nao una historia ndani ya nchi hii, tena karibu na hapa tulipo. Baada ya vita ya pili Waingereza walikuwa bado wanagawiwa chakula kwa kadi, mafuta ya kupaka mkate yalikuwa haba mno. Mgawo ule haukuisha kabisa mpaka 1954. Serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya majarini, ile tunayoiita Blue Band hata kama kopo ni la kampuni nyingine. Walipanga zaidi ya ekari milioni 3. Wakaanza 1947 hapo Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakuwa kama saruji, mvua haikuja walivyotaka, matrekta yakafa, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Wagogo walikuwa wanaujua udongo ule na mvua zake kabla hawajafika. Basi kila nikiona picha ya mkate uliopakwa, nakumbuka kwamba kuna wakati ukosefu wa kitu cha kuupaka ulileta matrekta mpaka Kongwa.

Chai sisemi sana, kila mtu anajua. Wajerumani waliijaribu Amani kule Usambara, ikaja kushamiri kibiashara enzi ya Mwingereza kuanzia miaka ya 1920. Leo mtu akikuuliza umekunywa chai anamaanisha umekula, hata kama ulichokula ni kiporo cha ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Chai nimeikubali. Sina ugomvi nayo. Matobolwa na chai ya maziwa ni ndoa halali.

Turudi Bariadi, maana kuna mambo mawili sijayamaliza.

La kwanza ni siku ya ukaguzi. Mkufunzi wa kunipa maksi alikuja wiki ya sita, bila taarifa kama kawaida yao. Mada ya siku ile ilikuwa kueleza jinsi kitu kinavyotengenezwa, yaani ile sarufi ya kutendwa: is peeled, are sliced, are dried. Kitabu kilitoa mfano wa keki. Unga, siagi, mayai, oveni. Mimi nilikuwa nimeshapanga kufundisha matobolwa na sikubadilisha kitu. Nilikuwa nayo kwenye sahani, mengine nimepewa na Bibi, na michembe pembeni.

Jamani, lile darasa! Wiki sita nilikuwa navuta maneno kama navuta ndoo kisimani. Siku ile mikono ilikuwa juu mpaka nyuma. The sweet potatoes are boiled. They are peeled. They are cut. They are put on the stone. Kijana mmoja, yule wa soseji, akasema michembe nayo inachemshwa kwanza. Yule binti wa dawati la mwisho akasimama bila kuitwa: "No! Michembe are not boiled. Michembe are dried raw." Hilo neno raw sikuwafundisha mimi. Alilitoa wapi sijui, labda kwenye kamusi ya maktaba yenye majani nusu. Alipokaa chini darasa lilikuwa kimya, halafu wakaanza kubishana siku ngapi za jua zinatosha, kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, lakini Kiingereza.

Baada ya kipindi mkufunzi aliniita chini ya mti. Akasema wanafunzi wameshiriki, hilo ameliona. Lakini nimetumia neno la kikabila katika somo la lugha ya kigeni, na chakula ambacho hakimo kwenye kitabu. Akaniuliza, "Sasa matobolwa kwa Kiingereza ni nini?"

Nikamwambia ni matobolwa. Nikamwambia Waingereza wenyewe wanasema spaghetti, wanasema curry, wanasema sushi, hawajatafsiri hata moja, na hakuna aliyewanyima maksi. Ukitaka kumweleza mgeni unamwambia ni vipande vya kiazi kitamu kilichochemshwa na kukaushwa juani, watoto wameshalisema hilo ubaoni. Akaandika kitu kwenye fomu yake, kirefu, sikukiona. Matokeo hayajatoka, tutayaona hukohuko. Ila niwaambie, sahani ilikuwa mezani alipokuwa anaandika, na alipoondoka kwenda kwenye gari sahani ilikuwa tupu.

La pili ni kikao cha wazazi, na hili ndo linaloninyima raha. Kilifanyika wiki ya saba, ajenda ni mchango wa chakula. Mwaka huu mahindi upande ule yameungua. Mama mmoja akasimama, kanga mabegani, akaomba kwa adabu kabisa kama shule inaweza kupokea michembe na karanga badala ya mahindi na maharage, maana hivyo anavyo ghalani na mwanawe hali mchana. Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kamati, mtu mzuri tu, amelima pamba mpaka kasomesha watoto wanne, akasema hatuwezi kuwalisha wanafunzi wa sekondari chakula cha njaa, wageni wakija wataonaje. Wazazi wakapiga makofi. Mama akakaa.

Sasa mimi huyo mzee namwelewa. Michembe aliila miaka ambayo hakukuwa na kingine, na mtu hapendi kukumbushwa. Lakini nilipiga hesabu pale kwenye benchi: daftari la wasiokula lilikuwa na majina 19 katika darasa langu pekee. Na nina uhakika, kwa kuwa nilienda kwenye miji yao kuwasalimia, kwamba wengi wao wana viazi vikavu ndani. Kiazi na karanga kwenye sufuria moja, kwa mtoto aliyetembea tangu alfajiri, kina ubaya gani? Wanakijua kukipika. Hawahitaji kununua. Mtu aniambie amelala na njaa kwa sababu ghala ni tupu, nitalia naye. Huyu analala na njaa ghala likiwa na kitu, kwa sababu ya kuonekana.

Nilinyoosha mkono. Mgeni wa wiki nane hapewi nafasi kirahisi kwenye kikao cha wazazi, nami ni binti mdogo, lakini mwenyekiti aliniruhusu. Nikasema kwa Kisukuma, kwa ufupi, na nikamwamkia yule mzee kwanza. Mwisho wakakubali choroko ziruhusiwe badala ya maharage. Michembe wakasema itajadiliwa kikao kijacho.

Kikao kijacho ni mwisho wa mwezi huu. Jana mwalimu wa taaluma alinitumia ujumbe, nadhani alikuwa juu ya lile jiwe, akasema yule mama ameshaenda ofisini kuomba aandikwe tena kwenye ajenda. Na safari hii amesema atakuja na sufuria, amepika.

Nitawaambia itakavyokuwa. Kwa sasa nina kiroba kizima rumu, nusu michembe nusu matobolwa, kimesafiri nami kwenye buti la basi kutoka Bariadi kupitia Shinyanga na Singida, kikalaliwa na sanduku la mtu. Mwenzangu wa rumu ni Mpemba, alikiangalia siku mbili kwa mashaka, siku ya tatu nimemkuta anatafuna huku anasoma desa. Anayetaka aje kabla bumu halijatoka. Likitoka nyote mtakimbilia chipsi, nawajua. Njooni na sukari, ya kwangu imeisha.